Memori kadi yangu ilifutwa: albamu za roki nilizozirudisha, na zile nilizoziacha ziende

#1 Mwana_Kamalondo (Lubumbashi)

Jambo yenu wote humu.

Kuna fundi mmoja wa simu hapa Lubumbashi, sitasema ni wa soko gani. Nilimpelekea simu abadilishe kioo, na kioo akakibadilisha vizuri tu. Aliponirudishia, memori kadi ilikuwa nyeupe kama sahani iliyooshwa. "Ilikuwa inasumbua, nikaisafisha," akaniambia, na uso wa mtu anayengoja ashukuriwe. Albamu 34 za roki na za zile bendi huru wanazoziita indi, miaka miwili ya kununua mega za intaneti kidogokidogo na kupakua usiku wa manane, zote zimekwenda pamoja na picha za ubatizo wa mtoto wa dada yangu.

Sasa mega ni pesa. Huwezi kurudisha albamu 34 kwa mpigo. Unarudisha moja, unakula bukari (ugali wetu), juma lijalo unarudisha nyingine. Katika kuchagua ipi itangulie nimegundua kwamba nusu ya zile nilizokuwa nazo nilizitunza tu kwa sababu watu mtandaoni walizisifu. Mpaka leo nimerudisha saba. Nataka tuongee juu ya hizo saba, na chache ambazo sioni haja ya kuzifuata.

Kwanza niwaambie napimaje, ili mtu asije kunitukana bila kujua sababu. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ya rumba. Wimbo wetu wa Kikongo una vyumba viwili. Sebuleni mwimbaji anapokea wageni, anaeleza nani kamwacha na kwa nini. Halafu mlango wa nyuma unafunguliwa: solo, gitaa la mbele, anaanza kuzunguka, mi-solo, gitaa la katikati, anamjibu, akompa, gitaa la kusindikiza, anashika njia, atalaku, yule wa kuhamasisha wachezaji, anapiga kelele, viti vinasogezwa ukutani. Hiyo ndiyo sebene. Roki nayo naisikiliza hivyohivyo. Kila albamu naiuliza: mlango wa nyuma upo? Nani anaufungua, na lini?

Ya kwanza kurudi ilikuwa *Funeral for Justice* ya Mdou Moctar, ya 2024. Huyu ni Mtuareg wa Niger, anapiga kwa mkono wa kushoto, na gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe, nyuzi zake zikiwa nyaya za breki za baiskeli. Albamu hii haina sebule kabisa, unaingilia uani. Spika yangu ina mpasuko kwenye karatasi yake, nimeuziba kwa gundi ya viatu, na nawaambieni kweli, kwenye albamu hii sijui mkwaruzo upi ni wa gitaa la Mdou na upi ni wa gundi. Kuna wimbo unaitwa *Imouhar*, anawasihi Watuareg wasiiache lugha yao ya Kitamasheki ikafa. Simwelewi neno hata moja, lakini gitaa linaposhika pale katikati unajua mtu anagombea kitu cha mama yake.

Na ya pili iliyorudi ni ndugu yake, *Tears of Injustice*, ya 2025. Mapinduzi ya Niger ya Julai 2023 yaliwakuta wakiwa ziarani Marekani, wakashindwa kurudi nyumbani. Basi wakazirekodi upya nyimbo zilezile za ile albamu, safari hii kwa magitaa makavu, wamekaa kama kwenye matanga. Mwenye haraka asiifungue. Mimi ndiyo naiweka delestaji (mgao wa umeme) ikianza, saa moja jioni, kabla mtu hajatafuta mshumaa. Ukizisikiliza zote mbili kwa kufuatana utaona kwamba hasira ya ile ya kwanza ilikuwa ni huzuni iliyovaa viatu.

Sasa The Cure, bendi ya zamani ya Uingereza. Hapa nitakaa kidogo.

*Songs of a Lost World* ilitoka tarehe 1 Novemba 2024, miaka 16 baada ya albamu yao iliyotangulia. Nyimbo nane tu. Nilikuwa naisikiliza uani, baba mkubwa akaja kukaa. Baba mkubwa miaka ya sabini alikuwa anapiga akompa kwenye orkestra moja hapahapa mtaani kwetu Kamalondo. Vidole vyake vya kushoto mpaka leo vina sugu. Nikaanza na wimbo wa kwanza, *Alone*. Ngoma zinaingia polepole, kinanda kinatandaza, gitaa linalia kwa mbali. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Baba mkubwa akaniangalia.

"Mwimbaji amekosa basi?"

Nikamwambia angoje. Dakika ya tatu ikapita. Robert Smith akaanza kuimba. Baba mkubwa akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeona mgeni anavuka barabara: "Aa. Amefika."

Halafu akasema jambo ambalo mimi kwa miaka yangu yote ya kusoma wahakiki sijaliona popote: "Hawa wameanza na sebene, wakamalizia na wimbo." Na ni kweli! The Cure wameigeuza nyumba. Unakaribishwa uani, unacheza pole ukiwa umekaa, na ukishachoka ndipo unapelekwa sebuleni kuambiwa nani amekufa. Maana watu wamekufa kweli humo: *I Can Never Say Goodbye* ni juu ya kaka yake Smith. Wimbo wa mwisho, *Endsong*, unapita dakika kumi, na sauti ya mtu haiingii mpaka uwe umepita nusu. Mimi hapo nimeshaacha kusubiri sauti, naona heri asiimbe tu.

Ya nne ni *Getting Killed* ya Geese, vijana wa Brooklyn, Septemba 2025. Waliirekodi kwa siku kumi. Wimbo wa kwanza, *Trinidad*, jamaa anaitwa Cameron Winter anaanza kwa kunung'unika, halafu anapasuka na kupiga makelele kwamba kuna bomu ndani ya gari lake. Hapo spika yangu ilianguka mezani, si utani. Bendi hii mlango wa nyuma wanaufungua, wanaufunga, wanaufungua tena, wanaung'oa na bawaba zake. Mwimbaji ni atalaku aliyefukuzwa kazi na akaja hivyohivyo. Nilipoisikia mara ya kwanza niliichukia. Ya tatu nikajikuta naiimba nikiwa napanga foleni ya maji.

Vampire Weekend, *Only God Was Above Us*, Aprili 2024. Hawa nina kesi nao ya zamani. Mwaka 2008 walitoa wimbo ambao ndani ya jina lake kuna *Kwassa Kwassa*, ngoma yetu ya kiuno, ile aliyoitembeza duniani Kanda Bongo Man. Nilipokuwa kijana nilikasirika, nikasema wametuibia. Leo nasema kama waliiba, basi waliiba gitaa na kutuachia kiuno, na kiuno ndicho kilichokuwa na thamani. Albamu hii mpya ni ya New York tupu, jaladani kuna mabehewa ya treni ya chini ya ardhi yaliyotupwa, picha ya 1988. Magitaa yamechafuliwa, kinanda kinakwaruza. Nyimbo nyingi ni fupi na za kijanja, lakini wa mwisho, *Hope*, unakwenda karibu dakika nane ukizunguka palepale. Mlango wameuacha wazi mpaka mwisho wa sherehe. Kwa wimbo huo mmoja niliirudisha albamu nzima.

Ya sita na ya saba ni za majirani, na ningeweza kuzifungulia uzi wake: *Zango* ya 2023 na *Sogolo* ya 2025, za WITCH wa Zambia. Kutoka hapa hadi mpaka wa Kasumbalesa ni kilomita kama 90, ukivuka unakutana na Chililabombwe na Chingola, shaba ileile, udongo uleule mwekundu. Na sisi tulikuwa tunatafuta roki London! Hawa watu katikati ya miaka ya sabini walikuwa wanapiga magitaa ya kukwaruza kwenye miji ya migodi, muziki ambao leo dunia inauita Zamrock. Rais Kaunda alikuwa ameamuru redio ipige kwa asilimia 95 muziki wa nyumbani, studio zikapata kazi. Halafu bei ya shaba ikaanguka, uchumi ukaanguka nao, ikaja ukimwi ukazoa wanamuziki. Wa kikosi cha kwanza amebaki mwimbaji, Emmanuel Chanda, waliyembatiza Jagari kwa ajili ya yule Jagger wa Uingereza. Mzee huyo alishakwenda kuchimba vito. Amerudi, yuko na Patrick Mwondela kwenye kinanda na vijana kutoka Ulaya, na *Zango* waliirekodi Lusaka katika studio za DB walizokuwa wakirekodia zamani.

Je, ni nzuri au tunamheshimu mzee tu? *Zango* ni nzuri kweli. Kuna rapa Sampa the Great, kuna wimbo *Unimvwesha Shuga* ambao mtu wa Kiswahili hahitaji mkalimani kujua kuna sukari ndani yake. Besi inatembea kama mtu anayejua njia. *Sogolo*, waliyoirekodi Berlin, ni safi zaidi, na usafi huo mimi haunifurahishi. Nilitaka vumbi. Kinachoiokoa ni sauti za kina dada, Theresa Ng'ambi na Hanna Tembo.

Nilizoziacha: *Romance* ya Fontaines D.C. wa Ireland (2024). Najua mtanipiga. Nimerudisha nyimbo mbili tu, *Starburster*, ule ambao mwimbaji anavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini, na *Favourite*. Zilizobaki ni sebule iliyopambwa vizuri na ukuta mahali pa mlango. Wet Leg, *moisturizer*: inachekesha mara mbili, ya tatu hapana. Turnstile wa Baltimore, *Never Enough*: nguvu ninayo nyumbani. Sam Fender, *People Watching*: mtu mwema, moyo mzuri, jina la albamu ni la wimbo wa kumlilia mwanamke aliyemlea katika sanaa, lakini kila wimbo unanipeleka kwenye barabara moja na machweo yaleyale. Linkin Park, *From Zero*: sitaki hata kuandika.

Karibuni na mawe.

#2 Pwani_Huku (Mombasa)

Kaka, pole na kadi. Mafundi wa kusafisha bila kutumwa tunao na huku, usidhani ni balaa la kwenu peke yenu.

Sasa huyo baba mkubwa mpe mkono wangu. Ila sisi watu wa taarabu hatukushangaa na The Cure. Taarabu ya zamani unaingia ukumbini, unapigiwa bashrafu kwanza: fidla, udi, kanuni, wewe unatulia, unarekebisha leso, unaangalia nani kaja na nani. Mwimbaji yuko palepale kitini anangoja zamu yake na hana wasiwasi. Ukimwona anaharakishwa ujue ni harusi ya watu wasio na adabu. Nilipoisikia *Alone* nilijua huyu bwana kashalelewa. Ana nywele za mtu aliyepigwa na shoti, lakini adabu anayo.

Kwenye Fontaines D.C. nakupinga. Mlango upo, umeshindwa kuuona kwa sababu wameupaka rangi ya ukuta. Sikiliza *In the Modern World* ukiwa na spika za masikioni, si hiyo ya gundi. Zile nyuzi zinazoinuka nyuma ndizo zinazofungua.

#3 Dada_Ruashi (Lubumbashi)

Yaya (kaka mkubwa) Kamalondo, heshima yako naijua, ila kwa Linkin Park umekosea njia, na umekosea makusudi.

Mimi nilikuwa shule ya sekondari, tuko wasichana watano tunalala chumba kimoja. Mmoja alikuwa na daftari ameandika maneno ya nyimbo zao kwa kalamu ya bluu, kwa Kiingereza ambacho hakuna aliyekijua. Tulijifunza Kiingereza humo. Mwalimu alishangaa tunajua neno la kusema "ganzi" na hatujui neno la kusema "meza". Mwimbaji wao Chester alipofariki 2017 mimi nilikuwa mtu mzima, nina mtoto, na nilifunga duka siku hiyo. Watu walidhani nimefiwa na ndugu. Sikuwarekebisha.

Basi 2024 wanarudi na mwanamke, Emily Armstrong. Niliogopa. Nilikaa nayo siku tatu bila kuifungua. Nilipofungua *The Emptiness Machine*, anaanza mwenzao wa zamani Mike Shinoda peke yake, anakwenda, anakwenda, halafu yule dada anaingia na koo lake lote. Yeye hakuja kumwiga marehemu, amekuja na ghadhabu yake mwenyewe. Albamu nzima ni kama nusu saa na dakika chache. Delestaji inakuachia chaji ya nusu saa, inatosha.

Na hiyo kanuni yako ya sebene nzuri, lakini yaya, kofi halina sebene. Kuna muziki ni kofi. Linapigwa, limekwisha, shavu ndilo linaloendelea.

#4 Mwana_Kamalondo (Lubumbashi)

Dada, hapo kwenye shavu umenimaliza. Naomba radhi kwa kusema sitaki hata kuandika. Nitaipakua mwisho wa mwezi, mega zangu mwenyewe, na nitarudi hapa kusema kweli, iwe tamu iwe chungu.

Pwani, habari ya bashrafu nimemsomea baba mkubwa. Amesema: "Waambie tunawajua." Mwaka gani na wapi, amekataa kueleza.

Spika za masikioni ninazo, upande wa kulia ndio unaosikika. Labda mlango wa Fontaines uko kushoto.

#5 Solo_na_Akompa (Lubumbashi, Katuba)

Mimi napiga gitaa kanisani, Jumapili ibada mbili, Jumatano mazoezi. Niongeze la ufundi kidogo kwa sababu naona mnapita juujuu.

Tatizo la bendi nyingi za indi si kukosa sebene, ni kukosa mi-solo. Wana magitaa mawili, moja linakwaruza makodi (sauti za nyuzi kadhaa pamoja) na la pili linakwaruza makodi yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Kwetu ukifanya hivyo mzee wa bendi anakuuliza: wewe umekuja kumsaidia mwenzako kubeba gitaa? Mi-solo kazi yake ni kukaa katikati. Solo akiuliza huko juu kwenye nyuzi nyembamba, yeye anajibu chini kidogo, mdundo wake haugongani na wa akompa. Magitaa matatu, kila moja na nafasi yake, kama watu watatu wanaokula sahani moja bila kugusana vidole.

Ndiyo maana Mdou Moctar anakuingia, yaya. Msikilize Ahmoudou Madassane, yule wa gitaa la pili. Hashindani. Anashika duara moja, analizungusha wimbo mzima, wala huchoki, na kwa sababu duara halitikisiki Mdou anaweza kuruka anapotaka. Hiyo ni akompa ya Kikongo kabisa, ila imevaa kilemba.

Na kama ni mtu mmoja kufanya kazi ya watatu, tusisahau tunakaa wapi. Jean Bosco Mwenda, mtu wa Bunkeya, alirekodiwa Likasi na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, wakati huo mji ukiitwa Jadotville. Gitaa moja kavu, kidole gumba kinapiga besi, cha shahada kinaimba juu, na anaimba Kiswahili hikihiki chetu. *Masanga* mimi nimeijaribu miaka minne. Mkono wa kushoto nimeuweza. Wa kulia, gumba linakwenda vizuri mpaka nikilikumbuka. Nikilikumbuka tu, linasimama. Mwaka 1969 yule mzee alikwenda kupiga Newport, Marekani, kwenye tamasha lao kubwa la muziki wa kiasili. Kwa hiyo mkisikia kijana wa Brooklyn anapiga gitaa lenye kuchekacheka, msianze kesi na Vampire Weekend mwaka 2008. Njia ilishakanyagwa kitambo.

Geese nimewasikia. Mpiga ngoma wao, Max Bassin, nimemkubali. Hapigi nguvu, anachelewa kidogo nyuma ya wenzake kama mtu anayefunga geti wote wakishapita.

#6 Dereva_Kasumbalesa

Bakubwa, jambo yenu. Miye niko shofere, kila juma niko kwa barabara ya Kasumbalesa. Njo vile nilijua ile WITCH. Tulikuwa ku mulongo siku mbili, makamyo hayatembee. Muzambia moja wa mbele yangu akafungula mulango, akaweka muziki nguvu. Nikamuuliza, ni banani? Akasema ni batu ba kwetu, ba zamani, bamerudia.

Kibemba ninasikia, juu mama ni wa Kasenga. Haki ya Mungu ule muzee Jagari hana haraka. Anaimba sawa mutu anakuelezea habari ya jirani. Basi watu wote ba mulongo bakashuka, wengine banacheza pembeni ya matairi, mama wa mikate anacheza na beseni ku kichwa. Ule mulango wa nyuma yaya anasema, siku ile ilikuwa ni mulango wa kamyo.

*Sogolo* sijasikia bado. Mwenye iko nayo anitumie.

#7 Mgeni_wa_Mbeya

Wakuu, nasoma huu uzi toka saa nne usiku na kesho nina kazi.

Dereva, hiyo stori ya foleni ndiyo post bora humu, nasema mapema. Na kuhusu Zamrock, vijana wengi walioisikia hawajui kwamba wameisikia. Rapa wa Marekani Tyler, the Creator kwenye *Chromakopia* ya 2024 ana wimbo *Noid*, lile gitaa na zile sauti amezichota kwa bendi ya Ngozi Family ya Zambia. Mdogo wangu aliuimba mwezi mzima akidhani ni Kiingereza kibovu. Nikamwambia, bwana mdogo, hicho ni Kinyanja, ni cha jirani zako hapo ng'ambo ya Tunduma.

Ila mkuu Kamalondo nina swali na usilikwepe. Umetaja Niger, Uingereza, Ireland, New York, Baltimore, Zambia. Kongo yako mwenyewe kwenye hiyo orodha iko wapi? Jupiter Bokondji na Okwess wake wa Kinshasa, mwenyewe muziki wake anauita bofenia roki, na *Na Kozonga* ya 2021 ina magitaa yanayouma kuliko hao Fontaines mnaogombania. Na KOKOKO!, bendi nyingine ya Kinshasa, je? *Butu* ya 2024? Vyombo vyao wamezoea kuviunda kutokana na makopo na mabaki ya vyuma. Kama hiyo si roki, roki ni nini?

#8 Mwana_Kamalondo (Lubumbashi)

Mkuu wa Mbeya, umenishika.

*Butu* ilikuwamo katika zile 34. Sijairudisha, na si kwa ubaya wake. Butu kwa Kilingala ni usiku, na albamu yenyewe ni usiku wa Kinshasa: honi, watu wanaitana, mdundo haulali. Mimi sijawahi kukaa Kinshasa zaidi ya siku sita, na katika hizo sita sikulala hata moja. Nikiiweka nachoka kwa kukumbuka. Hiyo ni sababu dhaifu, nakubali.

Jupiter nilimwacha kwa sababu mbaya zaidi: nilidhani roki ni lazima itoke mbali. Mtu wa Lubumbashi na Kinshasa nanyi mnajua, kila mmoja anamwona mwenzake kama binamu anayejisikia. *Na Kozonga* inapakuliwa sasa hivi ninapoandika. Imefika asilimia 41 na kamtandao kamekwama. Nasubiri.

Solo wa Katuba, hilo la mi-solo limenifanya niirudie *Romance* kwa sikio jipya. Upande wa kulia tu, lakini nimeirudia. Unasema kweli: magitaa mawili, sahani moja, vidole vinagongana. Pwani asinichukie.

#9 Dada_Ruashi (Lubumbashi)

Bado nangoja mwisho wa mwezi, yaya. Tarehe nimeiandika.

Na tafadhali mchezee baba mkubwa hao Geese tuone. Mbona The Cure ulimchezea na hao umewaficha?

#10 Pwani_Huku (Mombasa)

Naunga mkono hoja. Mzee apelekewe bomu.

#11 Mwana_Kamalondo (Lubumbashi)

Haya. Nimefanya mlichotaka, leo jioni.

Nilingoja ashibe kwanza. Bukari, sombe na samaki wa chumvi, chai juu yake. Nikaweka spika kwenye kigoda, nikafungua *Trinidad*. Mwanzo ule wa kunung'unika aliupokea vizuri, akainamisha kichwa, akasema huyu kijana ana mafua. Makelele ya bomu yalipoanza mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Baba mkubwa hakusema kitu. Aliinuka, akainama kwa shida kwa sababu ya goti lake, akabonyeza kile kitufe, spika ikazima. Akaichukua, akaigeuza, akakiangalia kile kiraka changu cha gundi, akairudisha kwenye kigoda. Akaingia ndani kulala, saa moja na nusu!

Nikajua nimeharibu. Nilikuwa nimeshaanza kuwaandikia kwamba mzee amekataa.

Saa tatu umeme ukakatika. Niko uani gizani, nasikia kitu dirishani kwake. Kwanza nilidhani ni panya. Tak, ta-tak, kimya, tak. Anapiga kwa vidole kwenye ubao wa dirisha. Anapiga, anakosea, anarudia pale alipokosea. Ni ule mdundo wa Bassin, ule wa kuchelewa nyuma ya wenzake.

Halafu akaniita kupitia dirishani, kwa sauti ya chini ili mama asisikie.

"Wewe. Yule wa bomu. Ngoma yake inaingia kwa mguu upi?"

Nikamwambia sijui, chaji imebaki asilimia nne.

"Weka," akasema. "Pole pole. Mwimbaji mruke."